Mkasi wa Bakor: historia ya picha ikianzia Lamu

Vitabu vingi vya historia ya upigaji picha huingia Afrika Mashariki kwa mlango wa mgeni. Kati ya 1846 na 1848 Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani hii, Zanzibar ikiwemo, akinasa sura za watu kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Baada yake hutajwa wamisionari, wapelelezi na maofisa. Mwenyeji yumo, ila hana jina.

Kadi za posta za Zanzibar hazikuwa na tofauti. Akina Gomes na Coutinho, wapiga picha wenye asili ya Goa, waliziuza kwa abiria wa meli, na nyingi ziliandikwa "mwanamke wa Kiswahili", basi. Binti wa nani? Nguo ile yake au ya studio? Mnunuzi hakuuliza.

Lamu kuna hadithi nyingine. Omar Said Bakor, mzaliwa wa mji huo, alijifunza kazi mwenyewe, akapiga picha mitaani, hadi 1962 alipofungua studio. Umahiri wake ulikuwa katika mkasi na chumba cha giza. Alikata sura ya mteja, akaipachika katikati ya ua, kisha akaipiga picha upya hadi maungio yakapotea, mtu akaonekana kama amechanua mumo humo. Wahakiki wakiona hayo hukimbilia kuwataja wasanii wa usurealisti wa Paris. Safari yote hiyo ya nini? Lamu ni mji wa milango iliyochongwa maua, wa kuta zenye vidaka na nakshi, wa kanga zenye mji katikati na pindo pembeni. Jicho lililokulia humo halihitaji kufundishwa kuizungushia sura mapambo.

Mombasa nako N.V. Parekh alifungua studio mwaka 1942. Wateja walikuja na nguo zao na pozi walizoziona kwenye filamu za Kihindi. Wao ndio waliolipa, wao wakaamua. Miaka ya 1990, kivukoni Likoni, vibarua kutoka bara walisimama mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege, wakatuma picha nyumbani.

Picha za wanawake wa Lamu, nyingi zilibaki ndani, zikionyeshwa mashoga na jamaa tu. Mtafiti atazipata kadi za Gomes kwenye makumbusho ya Ulaya bila taabu. Hizi itabidi abishe hodi, na mwenyewe ana haki ya kukataa.