Homa Iliyopanda Mlima

Ukisafiri, msomaji, kwa njia ya zamani ya reli itokayo Nakuru kwenda Kisumu, utapita Londiani, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya asubuhi huko hupenya mifupa, na mgeni hudhani mbu hathubutu kufika. La, hasha! Mwaka 1945 daktari P. C. C. Garnham aliandika habari za milipuko ya malaria katika nyanda za juu mno za Kenya, na Londiani ilikuwa miongoni mwake.

Je, ilijulikanaje kuwa ni malaria, wala si homa nyingine? Kwa tone la damu lililopakwa kiooni, likatiwa rangi, likatazamwa kwa hadubini. Hata leo mtazamaji huhesabu vimelea mpaka atimize chembe nyeupe 200, kisha huzidisha kwa 40, maana hukisiwa kwamba maikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Vimelea 50 basi ni 2,000. Hesabu ni nyepesi. Kinachochoka ni jicho, na jicho lililochoka humrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa.

Mwaka 1997 Wayne Rasband, wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, alitoa programu iitwayo ImageJ, bure kwa kila mtu, pamoja na maandishi yake ya ndani. Mwaka 2006 Anne Carpenter na wenzake walitangaza CellProfiler, nayo huria vilevile. Mtumiaji hupanga hatua mara moja, na kompyuta huzirudia kwa picha elfu.

Lakini chembe mbili zikigusana, mashine itazitengaje? Hapa mtu wa milima ya Mau ataelewa upesi kuliko wengi. Programu huifanya picha kuwa nchi ya mabonde, kila chembe bonde lake, kisha huyajaza maji. Pale maji ya mabonde mawili yanapotaka kukutana, hujenga ukuta. Ndivyo Mau inavyogawa mito, mingine kwenda Ziwa Viktoria, mingine kwenye maziwa ya Bonde la Ufa.

Hata hivyo mashine hudanganyika: punje ya rangi iliyoganda yaweza kuhesabiwa kuwa kimelea. Kwa hiyo majibu yake hulinganishwa kwanza na vioo vilivyokwisha kusomwa na wazoefu. Yakipishana, fundi wa Kericho aweza kuifungua programu, akatafuta hatua iliyokosea, akaitengeneza mwenyewe bila kuomba ruhusa ng'ambo.