Mpangilio Usiofuata Alfabeti: Orodha za Nakuru Mbele ya Kompyuta

Makala haya yanahusu jambo linaloonekana kuwa dogo, yaani namna ya kupanga majina katika orodha. Mtu aliyepita shuleni akiambiwa apange majina, mkono wake hukimbilia alfabeti bila ya kuuliza. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo, kwa sababu tutakazozieleza hapa chini. Walakini orodha nyingi zenye uzito katika maisha ya watu wa Nakuru na Bonde la Ufa la kati hazikupangwa kwa alfabeti, wala hazifai kupangwa hivyo. Nakusudia kuonyesha kwamba mpangilio wa orodha za namna hiyo ni habari ya historia yenyewe, na kwamba mtunga programu za mtandao asipoijua habari hiyo huifuta, aghalabu bila ya mtu yeyote kutambua kuwa kuna kilichofutwa.

Tuanze na reli, maana ndiyo iliyouzaa mji. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika Kisumu, ambako wakati huo kuliitwa Port Florence. Stesheni za sehemu hiyo, kwa mfuatano wa safari ya kutoka Nairobi, ni Naivasha, Gilgil, Elmenteita, Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit na Londiani. Hivyo ndivyo atakavyozitaja mtu aliyeijua njia ile. Hawezi kuanza na Elburgon. Tukizipanga kwa alfabeti tutapata Elburgon, Elmenteita, Gilgil, Londiani, Mau Summit, Molo, Naivasha, Nakuru, Njoro. Msafiri akipewa orodha hii hatajua kama amekwisha pita anakokwenda au bado. Na kuna hila ndani yake: majina matatu ya mwisho, Naivasha, Nakuru na Njoro, yamefuatana sawasawa na reli kwa bahati tu. Mtu anayeikagua orodha kwa kuangalia mwisho wake ataona ni sahihi.

Hata mfuatano wa reli haukubaki mmoja. Katika miaka ya 1920 lilijengwa tawi kutoka Nakuru kwenda Uasin Gishu. Likafika Eldoret mwaka 1924, na reli hiyo ikafika Kampala mwaka 1931. Hapo njia iliyoanza kama tawi ikawa njia kuu, na ile ya Kisumu iliyotangulia ikageuka kuwa tawi. Tangu wakati huo swali la "baada ya Nakuru ni wapi?" halina jibu moja: kwa mwenda Kisumu ni Njoro, na kwa mwenda Eldoret ni upande wa Rongai. Orodha iliyonyooka haitoshi tena. Sharti mwenye kuuliza aseme kwanza anakwenda wapi.

Sasa tuitazame kompyuta. Katika lugha ya JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995 na kuwekewa kanuni rasmi mwaka 1997, majina yaliyowekwa pamoja kwa mfuatano huitwa kwa Kiingereza jina ambalo wengi wetu tumelifasiri kuwa safu. Safu ikiamriwa ijipange bila ya maelezo zaidi, kila kitu kilichomo hugeuzwa kuwa maandishi, kisha maandishi hayo hulinganishwa kwa namba za msimbo wa kila herufi. Hiyo si alfabeti tuliyofundishwa. Herufi kubwa zote hutangulia herufi ndogo, hata Z kubwa ikawa mbele ya a ndogo. Na namba 10 huwekwa kabla ya 2, kwa kuwa alama ya 1 hutangulia alama ya 2. Msomaji wa jarida hili atalifahamu tatizo mara moja akijaribu kupanga ngeli za Kibantu kwa namba tulizozirithi kutoka kwa Bleek na Meinhof: ngeli ya 10 itaruka na kukaa baada ya ngeli ya 1.

Kwa hiyo hata mpangilio unaoitwa wa kawaida ulitungwa na watu fulani kwa haja zao. Inafaa kukumbuka kwamba mojawapo ya njia mashuhuri za kupangia orodha katika kompyuta ilizaliwa katika kazi ya lugha. Tony Hoare, Mwingereza aliyekuwa mwanafunzi Moscow miaka ya 1959 na 1960, alikuwa akishughulikia kufasiri Kirusi kwa mashine. Kamusi ilikuwa katika utepe wa sumaku, kwa mpangilio wa alfabeti, na ili kuusoma utepe huo mara moja tu ilibidi maneno ya kila sentensi yapangwe kwanza kwa alfabeti. Ndipo alipobuni njia yake ya upangaji wa haraka, akaichapisha mwaka 1961. Alfabeti ilimfaa kwa sababu kamusi yake ilikuwa hivyo. Sisi wenyewe hatukuafikiana juu ya jambo hili: kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya maneno mengi chini ya mizizi yao, hata msomaji akamtafuta mpishi katika kupika, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilimpa mpishi mahali pake katika herufi M.

Anayetaka mpangilio mwingine huipa safu kanuni ya kulinganisha. Kanuni hii hupokea vitu viwili na kujibu kwa namba: namba hasi ikiwa cha kwanza kitangulie, chanya ikiwa kifuate, na sifuri ikiwa havitofautiani. Lugha ya PHP, ambayo nayo imejenga sehemu kubwa ya mtandao, ina utaratibu ule ule. Mashine haihitaji kujua kwa nini Gilgil hutangulia Elmenteita. Inataka jibu tu. Ujuzi wote umo katika kanuni, na kanuni huandikwa na mtu.

Mfano ulio mzito kuliko yote katika Kenya ya leo ni orodha ya kaunti 47. Jedwali la Kwanza la Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 linaanza na Mombasa, namba 1, na kuishia na Jiji la Nairobi, namba 47. Nakuru ni ya 32. Mgeni akiitazama orodha hiyo atadhani imetupwa ovyo: mji mkuu uko mkiani, Turkana iko katikati, Baringo inafuata Nandi. Lakini si ovyo hata kidogo. Namba 1 hadi 6 ni uliokuwa Mkoa wa Pwani, 7 hadi 9 ni Kaskazini Mashariki, 10 hadi 17 Mashariki, 18 hadi 22 Kati, 23 hadi 36 Bonde la Ufa, 37 hadi 40 Magharibi, 41 hadi 46 Nyanza, kisha Nairobi. Jedwali haliitaji mikoa, wala mikoa hiyo si ngazi ya utawala tena. Hata hivyo imo humo yote minane, imehifadhiwa na mfuatano peke yake. Ndani ya Bonde la Ufa, orodha inaanza kaskazini kwa Turkana, Pokot Magharibi na Samburu, inapita Trans Nzoia, Uasin Gishu, Elgeyo/Marakwet na Nandi, inakuja Baringo, Laikipia na Nakuru, inateremka Narok na Kajiado, halafu inarudi magharibi kuzichukua Kericho na Bomet. Ni ramani iliyoandikwa kwa namba.

Ipange orodha hiyo kwa alfabeti, na ramani itatoweka. Bomet itakaa na Bungoma, Kiambu na Kilifi. Wapo watakaosema kwamba hasara hiyo ni ya kumbukumbu tu, na kwamba mikoa imekwisha. Sikubaliani nao, lakini tuiache hoja hiyo, maana kuna hasara nyingine iliyo ya karibu zaidi. Kwa alfabeti, Nakuru huwa ya 31. Tofauti na 32 ni hatua moja tu. Mtunga programu akiyapanga majina kwanza kwa alfabeti, kisha akaipa kila kaunti namba kwa kuhesabu, mkulima wa Molo ataandikishwa kwa namba 31, ambayo kwa Katiba ni ya Laikipia. Na mtu wa Kapsabet katika kaunti ya Nandi, ambayo ni ya 29, atapewa namba 32, yaani ya Nakuru. Kama kosa lingekuwa kubwa, kama kwa mfano Nakuru ingepewa namba ya Mombasa, lingeonekana siku ya kwanza. Kosa la jirani kwa jirani laweza kukaa katika daftari miaka mingi.

Njia wanayoitumia wengi ni kuiandika orodha sahihi mara moja, halafu kanuni ya kulinganisha ikatafuta kila jina liko nafasi ya ngapi katika orodha hiyo. Ni njia njema, ila ina mtego wake. Jina lisipopatikana, JavaScript hujibu hasi moja. Na kwa kuwa hasi moja ni ndogo kuliko nafasi ya kwanza, jina lililopotea hurukia kichwani mwa orodha badala ya kubaki mwisho. Basi Murang'a ikiandikwa bila ya king'ong'o chake itaitangulia Mombasa. Itafanya hivyo hata kama alama imeandikwa, iwapo orodha moja imetumia alama iliyonyooka, yenye msimbo namba 39, na nyingine imetumia ile iliyopinda, yenye namba 8217. Jicho haliwezi kuona tofauti, na mashine haioni kufanana. Elgeyo/Marakwet huandikwa na wengine kwa kistari, ikapatwa na yayo hayo. Sisi tuliobishana miaka mingi juu ya ng na ng' tusicheke.

Liko pia suala la vitu vinavyolingana. Tuseme tunazipanga kaunti kwa mikoa ya zamani tu: kaunti zote 14 za Bonde la Ufa zitahesabiwa kuwa sawa, na kanuni itajibu sifuri. Je, zitabaki katika mfuatano ziliokuwa nao mwanzo? Mpaka mwaka 2018 kivinjari cha Chrome hakikuahidi hivyo. Safu yenye vitu 10 au pungufu ilipangwa kwa njia iliyoheshimu mfuatano wa awali. Iliyozidi hapo ilipangwa kwa njia nyingine iliyoweza kuuvuruga. Aliyeijaribu programu yake kwa kaunti sita za Pwani aliona mambo shwari, na alipoziingiza zote 47, Nakuru ingeweza kutokea popote miongoni mwa zile 14. Tangu kanuni za mwaka 2019 utulivu huo umekuwa sharti la lugha yenyewe.

Nimeiacha mwisho orodha iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya marika ya Wakalenjin. Majina yake hufuatana hivi: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha Maina tena. Ni duara. Mzunguko mmoja huchukua karne moja au zaidi, na jina la babu wa mababu humrudia kitukuu. Katika mfuatano huo Chumo ni wadogo wa Maina, Sawe ni wadogo wa Chumo, hivyo hivyo mpaka Nyongi. Na Maina wapya ni wadogo wa Nyongi. Kanuni ya kulinganisha ikiandikwa kwa kulifuata duara hilo itasema kwamba Maina wako mbele ya Nyongi na pia nyuma yao. Kanuni rasmi za JavaScript zinasema wazi kwamba ulinganishi unaojipinga namna hiyo hauna matokeo yaliyoahidiwa. Kila mashine itatoa yake. Dawa yake ni kulikata duara mahali fulani, yaani kuchagua rika moja kuwa wazee wa walio hai, au kuambatisha kila jina na mzunguko wake. Wanaotunga orodha za nasaba hawawezi kuikwepa kazi hii, kwa kuwa katika ukoo mmoja huwamo Maina wawili waliopishana kwa zaidi ya miaka 100.

Na mahali pa kukata hapajulikani kutokana na majina. Hata idadi yake si moja. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909, aliorodhesha marika saba, kwa maana Wanandi hawalihesabu Korongoro; Watugen wa Baringo wanalo, na Sawe kwao huitwa Sowe. Katika mji kama Nakuru, ambako Wanandi, Watugen na Wakipsigis ni majirani wa mlango kwa mlango, programu itakayowapanga wazee kwa marika haina budi kubeba orodha zaidi ya moja, na kabla ya kupanga lolote imwulize mzee ni wa upande gani.