Kusikia na Lugha kwa Mtoto Mchanga: Wajibu wa Familia na Jumuiya

Katika Ubatizo wa watoto wachanga, Kanisa lina ibada ya Efatha, inayotokana na Injili ya Marko 7:31-37. Padre hugusa masikio ya mtoto, kisha kinywa chake, akimwombea alisikie Neno na kuikiri imani. Mpangilio huo ndio wa maumbile: lugha huingia kwanza, ndipo itoke.

Hatua za ukuaji

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na azaliwapo huitambua sauti ya mama yake. Kwa kawaida mtoto mchanga hushtushwa na kishindo. Afikapo miezi 6 huigeukia sauti. Karibu na mwaka 1 hutamka maneno ya kwanza. Na akiwa na miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama vile "mama njoo". Mtoto asiyesikia naye hutoa sauti za kuchezacheza katika miezi ya mwanzo, na hivyo wazazi huweza kudhani kuwa yote ni salama.

Visababishi na kinga

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watoto milioni 34 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na kwamba takribani asilimia 60 ya matatizo ya kusikia utotoni yanaweza kuzuilika. Miongoni mwa visababishi ni rubela kwa mama mjamzito, surua, homa ya uti wa mgongo, manjano kali baada ya kuzaliwa, usaha wa masikio usiotibiwa, na baadhi ya dawa zinapotumiwa bila uangalizi wa daktari. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa pamoja nchini Tanzania mwaka 2014, hulinda pia masikio.

Umuhimu wa kuwahi

Wataalamu hushauri mtoto apimwe usikivu kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma ianze kabla ya miezi 6. Pasipo na kipimo hicho, mzazi mwenye mashaka ayaeleze kliniki mara moja. Asiridhike na kauli ya "atasema tu", wala asikubali mtoto akatwe ngozi ya chini ya ulimi kabla masikio hayajapimwa.

Baadhi husaidiwa na vifaa vya kusikia au upandikizaji. Wengine hukua kwa lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Njia moja haizuii nyingine. Kanisa halikuanza leo kazi hii: katika karne ya 18 Padre Charles-Michel de l'Épée alifundisha viziwi kwa ishara mjini Paris, na shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963.

Hata hivyo, shule haiwezi kurudisha miaka iliyopotea. Mtoto anayefikisha miaka 7 bila lugha yoyote hana namna ya kuuliza, kueleza maumivu, wala kusali pamoja na nduguze. Samaki mkunje angali mbichi. Basi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue watoto wake mapema, iwasindikize wazazi hadi hospitalini, na ijifunze alama pamoja nao, ili mtoto asibaki mgeni nyumbani kwake.