Rubani Ametoka Baharini

Kabla ndege haijaonekana angani, Mswahili alikuwa naye rubani. Neno tulilipata kwa Waarabu, na makazi yake yalikuwa baharini. Nahodha alikuwa na amri ya chombo. Rubani alikuwa na njia, yaani alijua mkondo na miamba ya mlango wa bandari. Hata leo meli kubwa huingia Mombasa zikiongozwa na rubani.

Maana hiyo ya kale hunirudia kila nisomapo habari za William Reid, Mskoti aliyekuwa na miaka 21. Usiku wa tarehe 3 Novemba 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, alirusha Lancaster, ndege ya mabomu yenye injini nne, kwenda Düsseldorf, Ujerumani. Mara baada ya kuvuka pwani ya Uholanzi, ndege ya Wajerumani ilimvunjia kioo cha mbele na kumjeruhi. Dira zikaharibika. Akawauliza wenzake kama wazima. Majeraha yake akayanyamazia. Punde ikaja ndege ya pili. Mwongozaji njia akafa, mtu wa redio akapata jeraha la kumuua, oksijeni ikakatika.

Lakini Reid alikuwa ameihifadhi njia kichwani. Akaifuata kiasi cha dakika 50, mabomu yakadondoshwa, kisha akaelekea nyumbani kwa kutazama nyota ya kaskazini na mwezi. Hapo namwona rubani kamili, yule wa baharini. Siku hizi neno dira tunalisikia zaidi kwenye mipango ya serikali, hata tunasahau kwamba ni kifaa, na kwamba kikifa mtu hubaki na nyota.

Njiani alidhoofika kwa kupoteza damu, akawa nusu kuzimia. Mhandisi wa ndege, Jim Norris, naye akiwa na jeraha mkononi, akasaidiana na mdondosha mabomu kuishikilia ndege isianguke. Reid alizinduka Uingereza, taa za uwanja zikiwa zimefifia kwa ukungu na damu ikimwingia machoni, akaitua.

Alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Sisi tunaita nishani, neno ambalo asili yake kwa Waajemi ni alama. Ni alama ya nini, ujasiri au ushujaa? Hata mwizi aweza kuwa jasiri. Kwa ushujaa, kuthubutu hakutoshi. Hutaka pawe na wenzako unaowabeba. Kwa Reid nachagua ushujaa, na Norris nampa uo huo.

Limebaki jina la kazi ya Reid. "Mlipuaji" silitaki: masikioni mwetu ni mtu aliyejifunga mabomu sokoni. "Mshambuliaji" limeshachukuliwa na uwanja wa mpira. Mwandishi mwenzangu, ukitafsiri habari kama hizi, andika "rubani wa ndege ya mabomu". Ni refu, najua. Usilifupishe, maana mabomu yale yaliangukia mji wenye watu, na ni haki yatajwe.