Maneno ya Kiarabu katika Maziko na Matanga ya Waswahili

Wachunguzi wengi wamezoea kuyahesabu maneno ya Kiarabu yahusuyo mauti, kisha wakakata shauri kwamba maziko ya Waswahili yametoka Uarabuni. Hesabu yao ni sahihi. Hukumu yao ndiyo yenye shaka.

Hapana ubishi kwamba maiti (mayyit), kaburi (qabr), jeneza (janaza), talakini (talqin) na eda ('idda) ni maneno ya Kiarabu. Lakini nguo avikwayo maiti, ambayo Waarabu huiita kafan, kwetu ni sanda, ijapokuwa kitenzi kukafini kinatumika. Upenu wa ndani ya kaburi, yaani lahd, huitwa mwanandani. Muda wa eda ya mfiwa, miezi 4 na siku 10, umewekwa na Qurani; hata hivyo mwanamke mwenyewe aliye edani huitwa kizuka. Na kikao cha waombolezaji ni matanga, ambayo mwisho wake "huanuliwa", kwa kitenzi kile kile cha nguo zilizoanikwa. Kwa jumla, Kiarabu kimeshika hukumu na kisomo. Kazi za mikono na kukaa pamoja zimebaki na majina ya wenyeji.

Isitoshe, hata yale yaliyopokewa hayakubaki na maana zake. Ta'ziya kwa Kiarabu ni kumfariji mfiwa. Kwa Kiswahili tanzia ni habari ya kifo, na kufariji ni kutoa rambirambi. Wahakiki nao wameliongezea neno hilo maana ya tamthilia yenye mwisho wa msiba. Khatma ni kuikamilisha Qurani. Hitima ya pwani ni kisomo cha kumrehemu marehemu, na aghalabu huandamana na chakula.

Hitima hiyo yatupa funzo. Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), mfasiri wa Qurani na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, alizihesabu desturi za namna hii kuwa ni uzushi. Mwanachuoni aliyekijua Kiarabu barabara hakuikubali desturi kwa sababu ya jina lake la Kiarabu.

Basi asili ya neno si ushahidi wa kutosha wa asili ya desturi. Mwanahistoria wa lugha hana budi kuuliza pia neno limepewa kazi gani na waliolipokea, na ni mahali gani walikataa kulipokea.