Ukoo wa Walker na Kazi ya Kukanyaga Nguo

Katika majina ya koo za Kiingereza yaliyoenea ulimwenguni, Walker ni mojawapo ya yale ambayo mtu huyasikia kila mara asijiulize lolote, kwa kuwa kila aliyepata Kiingereza kidogo hudhani kwamba maana yake ni dhahiri shahiri: mwenye kutembea. Dhana hiyo si ya wageni peke yao. Mwaka 1908, wenye kampuni ya Johnnie Walker, iliyotokana na duka la vyakula lililoanzishwa mjini Kilmarnock, Scotland, mwaka 1820, walipotaka alama ya kubandika katika chupa zao, mchoraji Tom Browne aliwachorea bwana mwenye kofia ndefu na bakora mkononi, anayekwenda kwa hatua kubwa. Na picha hiyo ikazunguka dunia nzima ikiyaeneza maneno ambayo taarikhi inayakanusha. Kwani wazee wa ukoo huu hawakulipata jina lao kwa safari wala kwa matembezi. Walilipata kwa kukanyaga mahali pamoja kutwa nzima, wamesimama ndani ya hori la maji machafu yaliyowafika magotini, na chini ya nyayo zao kitambaa cha sufu.

Ili kuifahamu kazi hiyo yatupasa kukifahamu kwanza kitambaa chenyewe. Sufu ndiyo iliyokuwa mali ya Uingereza katika zama za kati. Ilipelekwa Flanders na Italia kwa magunia, na tangu karne ya 14 ikawa yafumwa kwa wingi zaidi nchini mwake. Amma kitambaa cha sufu kitokapo katika kitanda cha mfumi huwa bado hakijafikia kuwa vazi: nyuzi za mtande na za mshindio zimeachana hata mwanga hupenya baina yake, tena kimejaa mafuta, mengine ya kondoo mwenyewe na mengine yaliyotiwa na wachambuzi na wasokotaji ili sufu isikatike mikononi mwao. Mshairi William Langland, katika kazi yake kubwa ya karne ya 14 iitwayo Piers Plowman, alieleza ya kwamba nguo itokayo kufumwa haivaliki mpaka ikanyagwe kwa miguu au ipondwe kinuni, ioshwe, ichanwe kwa miba na kuwambwa. Akaifananisha na mtoto aliyezaliwa asibatizwe. Wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu hori la mkanyagaji lilikuwa jirani na nyumba zao na harufu yake wakiijua.

Na harufu hiyo ilikuwa na sababu. Maji ya horini yalichanganywa na mkojo uliokwisha kulala siku kadhaa hata ukawa mkali, uliokusanywa nyumba kwa nyumba, na ada hiyo katika vijiji vya wafumi wa Yorkshire iliendelea mpaka karne ya 19. Mkojo uliolala hutoa amonia, na amonia ikikutana na mafuta ya sufu huyageuza yakawa namna ya sabuni, yakatoka na maji. Baadaye hutiwa udongo laini maalumu, wenye tabia ya kunyonya mafuta yaliyosalia. Muda huu wote watu wanakanyaga, mguu hata mguu, wakikigeuza kitambaa na kukikunja upya ili pasiwe na mahali palipokosa unyayo. Na hapo ndipo siri ya sufu inapofanya kazi yake, kwa kuwa kila unywele wa kondoo una magamba madogo mno yasiyoonekana kwa jicho, nayo yakisuguliwa katika maji na joto hushikana yasiachane tena. Kitambaa hujikaza, kikapungua urefu na upana, kikawa kinene na kizito. Kisha huwambwa uwanjani juu ya viunzi virefu vyenye kulabu ili kikauke kwa kipimo chake, kikachanwa kwa vichwa vya mmea wenye miba, na manyoya yaliyosimama yakakatwa kwa mikasi mikubwa na fundi mwingine, ambaye yeye naye aliwaachia wajukuu zake jina: Shearman, na kwa kufupishwa, Sherman.

Msomaji wa pwani anayo njia nyepesi ya kuihakikisha sanaa hii. Na alipapase joho la kale, la kitambaa kile kizito cha Ulaya kilicholetwa Unguja na marikebu katika karne ya 19, na kuchukuliwa hata bara na misafara kuwa tunu kwa watawala. Kidole hakikuti mtande wala mshindio, kana kwamba kitambaa hakikufumwa bali kilimwagwa. Na fundi cherehani akikikata, ukingo wake haufumuki. Hiyo ndiyo athari ya kukanyagwa. Joho lisingalikuwa joho pasipo kazi ya akina Walker na wenzao.

Sasa tulitazame jina. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormandi kuivamia nchi mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi wealcan, maana yake kubingirisha na kusukasuka huku na huku, na aliyeifanya kazi ya kusukasuka nguo kwa miguu akaitwa wealcere. Kitenzi hicho ndicho ambacho baadaye kiligeuka maana kikawa kutembea, na mgeuko huo ndio uliowapoteza watu hata wakaligeuza na jina. Lakini Waingereza hawakuwa na neno moja kwa kazi hii, walikuwa nayo matatu, na hapa ndipo palipo utamu wa habari hii kwangu. Kaskazini, na katika nchi za kati za upande wa magharibi, fundi huyo aliitwa Walker. Kusini-mashariki, katika Sussex, Kent, Essex, Suffolk na Norfolk, aliitwa Fuller, kwa neno lililotoka katika Kilatini na kutiwa nguvu na Kifaransa cha watawala. Kusini-magharibi, katika Devon, Somerset na Cornwall, aliitwa Tucker, kwa kitenzi cha kale ambacho asili yake ni kutesa na kuadhibu. Na mjini Exeter, chama cha wafumi na wakanyagaji kilijenga jumba lake mwaka 1471, nalo lingali limesimama hata leo kwa jina la Tuckers Hall. Kazi ni moja, hori ni moja na mkojo ni mmoja, ila jina alilobandikwa fundi lilifuata lahaja ya majirani zake. Kwa hiyo, mtu aitwaye Tucker na mtu aitwaye Walker, hata kama wote wawili wamezaliwa London na hawajapata kumwona kondoo, wamebeba katika majina yao habari ya pande mbili za nchi zilizotofautiana lugha miaka 600 iliyopita. Wanaoisoma Injili ya Marko katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watalikuta neno fuller katika sura ya 9, pale mavazi ya Yesu yanapong'aa. Wafasiri wetu wakaweka dobi, nao walifanya vyema, kwani dobi ndiye jamaa wa karibu wa fundi huyo tuliye naye.

Majina ya ukoo yenyewe hayakuamriwa na mfalme yeyote wa Uingereza. Baada ya uvamizi wa Wanormandi majina ya kupewa watoto yalipungua sana, hata katika kijiji kimoja ungewakuta akina John, William, Robert na Thomas wengi wasiotofautika, na karani wa bwana mwenye ardhi au wa kodi alipotaka kuwatenganisha ilimbidi aongeze lakabu: John mwana wa fulani, John wa kilimani, John mwekundu wa nywele, John mkanyaga nguo. Lakabu za kazi si jambo geni kwetu. Wangapi katika Lamu na Mombasa husoma ratibu ya Haddad, na neno Haddad katika Kiarabu ni mhunzi. Ila sisi aghalabu tumelifuata jina la baba na la babu, nasaba ikahesabiwa kwa bin na binti, ilhali Waingereza waliacha lakabu ya mtu mmoja iwarithi watoto wake wasiomrithi kazi. Jambo hili lilikwenda polepole. Upande wa kusini watu wengi walikuwa na jina la kurithi kufikia takriban mwaka 1350, na kaskazini likachelewa kama miaka mia nyingine. Daftari za kodi ya kichwa ya mwaka 1379, ambayo mtu wa kawaida alitozwa peni 4 na fundi peni 6, zinatuonyesha hali hiyo katikati ya safari yake, hasa zile za upande wa magharibi wa Yorkshire: huyu jina na kazi yake ni kitu kimoja, na yule wa kijiji cha pili ana jina la sanaa moja naye anatozwa kwa sanaa nyingine.

Lililo la ajabu ni kwamba jina lilikuwa likishika mizizi wakati ule ule miguu ilipokuwa ikitoka horini. Katika hesabu ya mali za Watempla, wale watawa wapiganaji, iliyofanywa mwaka 1185, kimetajwa kinu cha kupondea nguo huko Temple Newsam karibu na Leeds: gurudumu lililosukumwa na mto, likazungusha mhimili wenye meno, na meno yakainua nyundo nzito za mbao na kuziachia ziangukie kitambaa mahali pa nyayo za watu. Mwanachuoni Eleanora Carus-Wilson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1941, aliliita jambo hilo mapinduzi ya viwanda ya karne ya 13, akaeleza kuwa vinu hivyo ndivyo vilivyoivuta kazi ya nguo kutoka katika miji mikubwa ya zamani na kuipeleka kwenye mabonde yenye mito iendayo kasi. Wanachuoni waliomfuata wamemkosoa kwamba alikikuza mno kinu, na yamkini wana haki. Lakini hapana anayekana kuwa nyundo zilishinda miguu. Hata hivyo, watu wa kaskazini waliendelea kukiita kinu hicho kinu cha kutembea, na msimamizi wake Walker, ijapokuwa hakutembea wala hakukanyaga kitu. Wengi katika mababu wa akina Walker wa leo, naamini, walikuwa watu wa kinu, si wa hori.

Kutokana na hayo, asidhani mtu kwamba akina Walker wote ni ahali moja. Kila kijiji kilichofuma kilihitaji mkanyagaji, na kila mkanyagaji aliweza kuanzisha ukoo. Uchunguzi wa urithi wa damu ya kiumeni uliochapishwa mwaka 2009 na Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester ulionyesha kwamba wenye jina la nadra kama Attenborough karibu wote hutokana na babu mmoja, ilhali wenye jina la kazi lililoenea kama Smith hawana udugu zaidi ya watu wowote waliookotwa njiani. Fauka ya hayo, kuna mtaa uitwao Walker mjini Newcastle, ambao umepata jina kwa ukuta wa Warumi na kinamasi kilichokuwa kando yake, na haikosi baadhi ya watu wameitwa kwa mtaa huo. Huko Scotland jina la Kigaeli Mac an Fhucadair, mwana wa mkanyaga nguo, liligeuzwa likawa Walker. Na katika visiwa vya magharibi vya nchi hiyo kazi ya mikono ilidumu mpaka karne ya 20, wanawake wakiketi kuizunguka meza ndefu, wakikipiga kitambaa kilichorowa kwa kufuata nyimbo zao, mmoja akianza na wengine wakiitikia.

Jina hili leo liko katika yale 20 yanayoongoza kwa wingi Uingereza, na sehemu kubwa ya wenye nalo wangali upande wa kaskazini. Henry Brougham Guppy, aliyechapisha mwaka 1890 kitabu cha makao ya majina ya koo, alihesabu majina ya wakulima peke yao, kwa hoja kwamba mkulima ndiye mtu asiyehama; na ramani iliyotokea ikawa karibu ni ile ile ya lahaja za zama za kati.

Marekani habari ni nyingine. Sensa ya mwaka 2010 ililikuta jina hili katika nafasi ya 28, likiwa na watu zaidi ya 520,000, na kama thuluthi moja yao ni Wamarekani weusi, ambao wahenga wao walifikishwa huko kwa minyororo. Kwa watu hao jina halisemi lolote juu ya hori la Yorkshire. Wengine walikuta limeandikwa katika daftari za waliowamiliki, wengine walilichagua wenyewe baada ya uhuru, wengine wakaolewa nalo. Walilitukuza kuliko wengi waliolirithi kwa damu. David Walker, aliyezaliwa Wilmington, North Carolina, kwa mama huru na baba mtumwa, alichapisha mjini Boston mwaka 1829 wito wake kwa watu weusi, ambao majimbo ya kusini yaliupiga marufuku kwa hofu. Maggie Lena Walker alifungua benki mjini Richmond mwaka 1903. Na Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa watumwa, alifua nguo za watu kwa ujira miaka mingi mjini St. Louis, akiinamia beseni la maji ya sabuni. Kisha mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, na jina la mume akalipiga chapa katika makopo ya dawa za nywele alizozitengeneza na kuziuza mwenyewe, hata alipofariki mwaka 1919 alijulikana kote Marekani kwa jina la Madam C. J. Walker.