Makombo ya Bethel na Mitumba ya Lushoto

Anayetaka kuielewa mitumba ya Lushoto namshauri aanzie Bielefeld, Ujerumani. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1890, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alianzisha Brockensammlung, yaani ukusanyaji wa makombo, jina linalokumbusha mikate iliyosazwa katika Injili ya Yohana. Nguo na vyombo vilivyotumika viliuzwa, na mapato yakasaidia kuwatunza wagonjwa wa Bethel. Mchungaji huyohuyo ndiye aliyekuwa nguzo ya misheni iliyofika Mlalo, milimani kwetu, mwaka 1891.

Tangu mwanzo, basi, koti la hisani lilikusudiwa kugeuzwa fedha. Sisi tumezoea kudhani (na magazeti hayatusaidii) kwamba mitumba ni sadaka iliyopotea njia ikaangukia mikononi mwa wachuuzi. La hasha. Taasisi nyingi za hisani za Ulaya huuza sehemu kubwa ya nguo hizo kwa uzito, kwa wafanyabiashara, nao ndio waletao marobota. Mama auzaye masweta katika baridi ya Lushoto hakupewa kitu: amenunua kwa mtaji wake, na iliyochanika ni hasara yake.

Kila mwaka taasisi hizo huwaandikia wafadhili taarifa ya mapato na matumizi. Mama huyu, ambaye fedha yake nayo imo katika mapato hayo, haandikiwi.